Nionyeshe Palipoandikwa

Ndugu zangu, nawasimulia habari ya Dafroza mke wa Filemon, wa kijiji kimoja cha Mwika, kwa sababu yaliyompata yeye yanaweza kumpata yeyote kati yetu ambaye haki yake inakaa midomoni mwa watu wengine.

Asubuhi ya Jumanne moja ya mwezi wa nane, nyumba ya Dafroza ilikuwa na amani. Kiangazi kilikuwa kimekaza, lakini Jumanne ilikuwa siku ya zamu yao ya maji. Filemon alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya mlango, mkono wake wa kulia umelala mapajani. Tangu kiharusi kimpate siku chache baada ya Pasaka, mkono ule haukumtii tena, na maneno yalimtoka polepole kama mtu anayechagua punje za mchele. Justina, mke wa mtoto wao Primus, alikuwa jikoni akichochea moto chini ya sufuria ya mtori wa ndizi. Alikuwa na mimba ya miezi sita, ya kwanza. Mumewe alifanya kazi kwenye mashamba ya miwa kule tambarare, akipanda nyumbani mara moja kwa mwezi.

Maji yalikuja kama kawaida. Yaliingia kwa juu kihambani, yaani shamba lililozunguka nyumba, yakapita kwenye migomba, yakaenea chini ya mibuni. Dafroza aliyaongoza kwa jembe, akifungua hapa, akiziba pale. Hata nusu ya shamba hajaifikia, maji yakapungua. Yakawa kamba nyembamba. Kisha yakakatika.

Alidhani ni tope limeziba. Akaweka jembe begani, akapanda akiufuata mfongo. Kwa msomaji asiye wa mlimani niseme kwamba mfongo ni mfereji ambao babu zetu waliuchimba kutoka mtoni, ukashuka ukipitia vihamba vya watu. Una kichwa chake kule juu, mahali unapotoka mtoni, na una kamati inayogawa zamu.

Hakufika mbali. Hatua mia mbili juu ya kihamba chake alikuta mfongo umezibwa kwa magogo ya migomba na udongo, maji yamegeuzwa yanaingia kwenye bustani ya miche ya parachichi. Bustani ilikuwa ya Mzee Valerian, mwenyekiti wa kamati ya mfongo. Naye mwenyewe alikuwepo, suruali ameikunja hadi magotini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mama Primus. Filemon ameamkaje?"

"Ameamka salama. Mzee, leo ni Jumanne."

"Najua ni Jumanne."

"Ni zamu yetu."

Valerian alikung'uta tope mikononi. Hakuwa mtu wa kelele. Kanisani alikuwa mzee wa kigango, na msibani ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika. "Kamati ilikaa Jumapili," alisema. "Zamu ni ya mwanamume anayekwenda kichwani mwa mfongo kusafisha. Filemon hawezi kwenda. Hatukatai kwamba ni mgonjwa, tunamwombea. Lakini mfongo hausafishwi kwa maombi."

"Basi nitakwenda kusafisha mimi."

"Mwanamke hafiki kichwani. Wewe umezaliwa huku, unajua. Maji yatakauka. Primus akirudi, aje, tutampa zamu ya baba yake."

"Primus ana mkataba wa kazi. Hawezi kupanda huku kila wiki."

"Ndiyo hivyo sasa. Mila si yangu, Mama Primus. Nimeikuta."

Dafroza alirudi nyumbani. Alimweleza mumewe. Filemon akasema, "Valerian?" kana kwamba hakusikia vizuri. Watu wale wawili walikuwa wamechimba pamoja, wamekula pamoja, wameshika jembe moja tangu ujana wao.

Jumanne zikapita, tatu, nne. Majani ya migomba yakaanza kukunjamana kingoni. Ng'ombe akapunguza maziwa. Bomba la kijiji, ambalo kwa kawaida lilitoa maji siku mbili kwa wiki, mwezi ule halikutoa kabisa. Kwa hiyo Dafroza akawa anashuka korongoni, kwenye chemchemi, na kupanda na ndoo kichwani. Njia ya korongo lile ni mwinuko mtupu. Hata mbuzi hupumzika njiani. Dafroza alimkataza Justina kwenda, na Justina alitii, ila kwa siku moja.

Siku hiyo Dafroza alikuwa amempeleka Filemon kliniki Moshi mjini. Walichelewa, maana foleni ilikuwa ndefu. Mchana, ng'ombe akaanza kulia kwa kiu. Justina alivumilia, akaona haya kukaa tu, akachukua ndoo ndogo. Alishuka salama. Wakati wa kupanda, mguu uliteleza kwenye jiwe, akaanguka kifudifudi.

Wanawake waliokuwa wakifua chini walimbeba. Bodaboda ikampeleka hospitali. Madaktari walifanya yote waliyoweza. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, wa kike, akaishi siku mbili. Nesi alimbatiza kwa maji ya kikombe.

Ndugu zangu, mambo mengine hayataki maneno mengi. Walimzika kihambani, chini ya mgomba ambao wakati ule ulikuwa umekauka upande mmoja. Mzee Valerian alikuja msibani, wa kwanza kama kawaida yake, akalia machozi ya kweli. Dafroza alimtazama akilia. Alitafuta chuki moyoni mwake akaikosa. Alichokikuta ni kitu kigumu kuliko chuki, nacho kilikuwa swali. Huyu mtu anaweza kulia hivi, na Jumanne ijayo akaziba tena?

Jumanne ikaja, na Valerian akaziba tena.

Saa sita mchana siku ile, Dafroza alifunga kanga kiunoni, akachukua jembe na panga, akapanda. Alipita bustani ya parachichi bila kusimama. Alipita vihamba vya juu, akaingia kwenye msitu mdogo ulio kando ya mto, akafika kichwani mwa mfongo. Maisha yake yote alikuwa hajakanyaga pale. Alitegemea kuona kitu cha kutisha. Aliona mawe, maji, na magogo ya migomba yaliyozuia maji yasiingie mfongoni kwa wingi. Wanaume wanne walikuwa wamekaa kivulini wakila ndizi.

"Mama, unakwenda wapi?" mmoja aliuliza.

"Nimefika," alisema Dafroza.

Akaingia mtoni hadi magotini, akaondoa gogo la kwanza, la pili, la tatu. Wale wanaume walisimama, lakini hakuna aliyemshika, kwa maana kumshika mke wa mtu ni kesi nyingine. Maji yakajaa mfongoni. Akageuka, akashuka nayo, na kila alipokuta palipozibwa akazibua, mpaka yakafika kwake. Filemon aliyaona yakiingia. Alimtazama mkewe aliyelowa, akataka kusema neno, likakataa kutoka. Akapiga tu goti lake kwa mkono wa kushoto.

Maji hayakukauka, ndugu zangu. Hayakukauka siku ile, wala kesho yake.

Kamati ilimwita siku ya Alhamisi, nyumbani kwa Valerian. Walikuwa wazee saba kwenye mabenchi. Valerian alisoma hukumu bila kuwa na karatasi mkononi. Dafroza amevunja mila. Atatoa mbuzi mmoja na madebe mawili ya mbege, pombe yetu ya ndizi, na kaya yake haitapata zamu kwa mwaka mzima.

"Nimesikia," alisema Dafroza. "Nionyeshe palipoandikwa."

Wazee walitazamana.

"Nini?" Valerian aliuliza.

"Hiyo sheria niliyoivunja. Mwanamke asifike kichwani. Mgonjwa anyang'anywe zamu. Mbuzi na madebe mawili. Nionyeshe palipoandikwa, nami nitamleta mbuzi kesho asubuhi."

"Mila haiandikwi, Mama Primus. Mila inakaa hapa." Valerian alijigusa kifua.

"Inakaa kifuani mwako. Ndiyo maana inageuka kadiri unavyopumua. Mwaka juzi ulipofanyiwa upasuaji wa ngiri ulilala miezi mitatu. Nani alikwenda kusafisha kwa niaba yako? Filemon. Na zamu yako nani aliichukua?"

Aliwatazama wazee mmoja mmoja.

"Hakuna aliyeichukua," Dafroza alisema. "Mila ilikuwa imesafiri?"

Mzee mmoja alikohoa ili asicheke. Valerian alisimama, akasema kikao kimefungwa, na hukumu ni ile ile. Dafroza hakutoa mbuzi, wala mbege hakupika. Akaenda ofisi ya kijiji.

Mtendaji wa kijiji alikuwa binti anayeitwa Hilda, mwenyeji wa Singida, aliyehamishiwa pale mwaka ule. Wazee walimwona mtoto. Alimwamkia Dafroza, akampa kiti, akasikiliza mpaka mwisho bila kugusa simu yake.

"Mama, faini hiyo haina miguu," alisema. "Hakuna sheria ya nchi wala ya kijiji inayomkataza mwanamke kufika kwenye maji."

Dafroza akashusha pumzi.

"Ila usifurahi bado. Hakuna palipoandikwa kwamba usifike. Lakini na zamu yako, mama, haikuandikwa popote."

"Si unasema kuna sheria? Nimesikia redioni, Katiba inasema watu wote ni sawa."

"Inasema. Watu wote ni sawa mbele ya sheria. Lakini huyu anayegawa maji huku juu hashiki Katiba, anashika jembe. Ile haki lazima tuishushe mpaka mfongoni, iandikwe kwa maneno ya mfongo, na kwa jina la kijiji hiki. Inaitwa sheria ndogo. Halmashauri ya kijiji inaipendekeza, mkutano mkuu wa wanakijiji unaipitisha, wilaya inaidhinisha. Hapo hata mimi nikihamishwa, yenyewe inabaki."

"Itachukua muda gani?"

"Miezi. Pengine mwaka."

Dafroza alifikiria migomba yake. "Tuanze leo," alisema.

Habari hupanda mlima haraka kuliko pikipiki. Jumamosi ile ile Mzee Valerian alikuja nyumbani kwao. Alikaa karibu na Filemon, akamshika ule mkono uliolala, akaongea habari za zamani. Kisha akamgeukia Dafroza.

"Mama Primus, tumefika mbali sana kwa jambo dogo. Nimezungumza na wenzangu. Faini tumeifuta. Na nitawapa zamu, si moja, mbili. Jumanne na Ijumaa. Nitakuja kufungua mimi mwenyewe kwa mikono yangu. Haya mambo ya karatasi na wilaya ya nini? Sisi ni ndugu."

Nawaambieni ukweli, Dafroza alitamani. Zamu mbili zingeokoa kihamba kabla ya mvua za vuli. Ng'ombe angenyweshwa. Hakuna mtu angeshuka tena korongoni. Na neno lenyewe lilisemwa kwa upole.

"Na Yuditha?" aliuliza.

"Yuditha?" Valerian alishangaa. "Yuditha ni habari nyingine."

Hapo ndipo Dafroza alipojua kwamba hawezi kukubali. Yuditha alikuwa jirani yao wa chini, mjane. Miaka kumi na moja iliyopita, mume wake alipofariki, kamati iliondoa zamu yake kwa mila ile ile, na kuigawa kwa kaya mbili. Kaya moja ilikuwa ya Filemon. Zamu ya Jumanne ilikuwa ndefu kwa sababu ndani yake mlikuwa na saa mbili za Yuditha. Dafroza alijua. Siku ile alisema moyoni, ndiyo mila, tufanyeje. Akafungua maji yakaingia.

"Mzee," alisema, "asante kwa ulichotuletea. Lakini unachonipa kwa mikono yako, kesho utakichukua kwa mikono hiyo hiyo. Na ukifa, atakayekaa kwenye kiti chako hatajua uliniahidi nini. Sitaki zawadi. Nataka iandikwe, ya kwangu na ya Yuditha."

"Unakataa maji wakati wa kiangazi?"

"Nakataa kuyaomba."

Valerian alimgeukia Filemon, mwanamume mwenzake. "Umemsikia mkeo?"

Filemon alihangaika na ulimi wake. "Yuditha," alisema. "Mimi... nilikuwepo. Tulikosea." Akavuta pumzi. "Waandike."

Kesho yake, baada ya misa, Dafroza alishuka kwa Yuditha. Alimkuta akipukuchua mahindi barazani. Kihamba cha Yuditha kilikuwa na migomba michache, mibuni ilikuwa imeng'olewa zamani.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Karibu. Miaka mingapi hujakaa hapa?"

"Mingi." Dafroza alikaa, akachukua hindi naye akaanza kupukuchua. Alimweleza mambo ya Hilda na sheria ndogo. Yuditha hakunyanyua macho.

"Maji ya zamu yangu yaliingia kwako," alisema Yuditha.

"Yaliingia."

"Ulijua ni ya kwangu?"

"Nilijua."

"Na leo yako yamechukuliwa, umenikumbuka."

"Ndiyo," alisema Dafroza. "Sina la kujitetea. Nisamehe, au usinisamehe, lakini jina lako limo kwenye karatasi hata usipokuja."

Mahindi yaliendelea kudondoka kwenye ungo. Yuditha alisema, "Mimi kusamehe kunanichukua muda. Kwenye mkutano nitakuja, maana huko si kwa ajili yako."

Mkutano mkuu wa kwanza, mwezi wa kumi na moja, haukufanyika. Uvumi ulikuwa umepita kwamba atakayenyoosha mkono atawaletea watoto wake laana ya mababu. Walikuja watu thelathini na kitu, akidi haikutimia. Hilda alifunga daftari, akaandika tarehe nyingine. Dafroza hakulala chini. Miezi miwili ile alipita nyumba kwa nyumba, jumuiya kwa jumuiya, Wakatoliki na Walutheri, akiuliza kila mahali swali moja. "Mwenye nyumba hii akiugua kesho, zamu yenu imeandikwa wapi?" Wanaume wengine walimfukuza. Wengine wakahesabu umri wao.

Mwezi wa kwanza, uwanja wa shule ulijaa. Mwenyekiti wa kijiji, bwana Kornel, alifungua mkutano, na Hilda akasoma kifungu kilichopendekezwa:

"Kila kaya iliyo kando ya mfongo ina haki ya zamu ya maji, awe mkuu wa kaya mwanamke au mwanamume, mzima au mgonjwa, mwenye ndoa, mjane au asiyeoa wala kuolewa. Mwenye zamu, au atakayemtuma, anaweza kufika kichwani mwa mfongo. Zamu haitaondolewa ila kwa kosa lililotajwa humu, na baada ya mwenye zamu kusikilizwa."

Kelele zikaanza. Mtu mmoja alisema wanawake wanataka kuuchukua mfongo. Mwingine alisema mababu watageuka kaburini. Yuditha akasimama, akafunga kitenge vizuri.

"Miaka thelathini nimepika chakula cha wanaosafisha mfongo," alisema. "Chakula changu kilifika kichwani. Sufuria zangu zilifika. Mimi tu ndiye nikifika maji yanakauka?"

Watu walicheka, na kicheko kile kiliondoa uzito uliokuwa uwanjani. Valerian aliona upepo unageuka. Hakuwa mjinga. Alisimama taratibu, akavua kofia.

"Mimi sipingi," alisema. "Nimeshawishika. Naomba nyongeza ndogo tu, kwa ajili ya utaratibu. Pale mwanzo, tuseme: kila kaya ina haki ya zamu ya maji *kwa kadiri kamati itakavyoona inafaa*."

Makofi yalipigwa. Hata Kornel alitikisa kichwa kukubali, na wanawake wengi wakashangilia kwamba mzee amelainika. Hilda alimtazama Dafroza. Hilda, kwa kuwa ni mtumishi, hakuwa na kura.

Dafroza alikuwa ameishia darasa la saba. Lakini maneno yale aliyageuza kichwani mara mbili, akasimama huku makofi bado yanalia.

"Maneno matano," alisema. Akayahesabu kwa vidole, "Kwa. Kadiri. Kamati. Itakavyoona. Inafaa." Akasubiri kimya kiingie. "Miaka kumi na moja iliyopita kamati iliona inafaa Yuditha asipate maji. Mwaka jana iliona inafaa Filemon asipate. Mjukuu wangu yuko chini ya mgomba kwa sababu ya kitu ambacho kamati iliona kinafaa. Mkiyaandika maneno hayo matano, yote yaliyobaki yafuteni, msisumbue wilaya."

"Mama Primus, usilete msiba kwenye mambo ya maji," alisema Valerian.

"Maji ndiyo yaliyouleta, mzee. Sikuuleta mimi."

Hakuna aliyepiga makofi sasa. Kornel aliuliza, sauti imepungua, nani anataka maneno matano yaongezwe. Mikono tisini na sita. Nani anataka kifungu kibaki kilivyosomwa. Mikono ilinyooka, ya wanawake, ya vijana, na ya wanaume wazee ambao wake zao walikuwa hawajui kama watanyoosha. Mia moja arobaini na mmoja. Mkono mmoja ulikuwa wa kushoto, wa Filemon, ambaye watu wawili walimleta kwa kiti.

Kazi haikuishia hapo. Wilaya ilirudisha karatasi mara moja kwa sababu muhtasari wa mkutano ulikosa sahihi. Hilda alipanda na kushuka. Mwezi wa sita sheria ndogo iliidhinishwa, ikapigwa muhuri, ikabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Yuditha alichaguliwa kwenye kamati mpya. Valerian naye alichaguliwa, kwa sababu hakuna aliyeujua mfongo kama yeye, na sheria haikuandikwa kumfukuza mtu.

Kiangazi kilichofuata, Dafroza alikwenda harusini Machame, akakosa siku ya usafi bila kutoa taarifa. Adhabu yake ilikuwa imetajwa, siku moja ya kuchimba tope. Wengine walitaka asamehewe, wakasema huyu ndiye mama wa sheria yenyewe. Valerian alivaa miwani, akasoma kifungu kwa sauti, neno kwa neno, na ilionekana wazi anakifurahia.

"Imeandikwa," alisema Dafroza, akachukua jembe. Alichimba kutwa nzima kule kichwani, na Valerian akamletea maji ya kunywa. Hawakuongea mengi.

Krismasi, wakati watoto wote wa mlimani hurudi nyumbani, Primus na Justina walipanda. Baada ya msiba Justina alikuwa amehamia kule tambarare kwa mumewe, na hakuwa amerudi tangu hapo. Dafroza alimpeleka ofisini akaone ubao. Justina alisoma kifungu kile akiwa amesimama, kidole kikifuata mistari. Alimaliza upesi.

"Ndiyo hii, mama?"

"Ndiyo hii."

"Ni nusu ukurasa tu," alisema Justina.

Dafroza alimshika mkono mkwewe, wakasimama pale mbele ya ubao, na watu waliokuwa wakipita wakawapisha.

MAFUNZO

Ndugu zangu, haki inayotegemea wema wa mtu huugua anapougua, hubadilika anapokasirika, na huzikwa naye. Valerian hakuwa shetani, alikuwa jirani mwema mwenye mamlaka yasiyo na maandishi, na hayo yalitosha kuua. Basi haki zenu ziandikeni. Ziandikeni wakati mna afya na maji yanatiririka, maana siku ya kunyang'anywa mtakuwa mmechelewa kwa nusu ukurasa. Msikubali kupewa kama zawadi kilicho chenu, hata kikiletwa kwa mikono miwili na maneno matamu. Mkishaandika, someni mpaka neno la mwisho, kwani mwizi wa haki akishindwa kuizuia sheria huingia ndani yake kwa maneno matano. Na jirani yako anaponyang'anywa, usiseme ndiyo mila. Dafroza alisema hivyo miaka kumi na moja kabla, akafungua maji yasiyo yake. Uliza siku hiyo hiyo, kwa sauti, mbele ya watu: nionyesheni palipoandikwa. Wasipokuwa na pa kukuonyesha, chukueni kalamu.